Mashine ya Pumzi Nyumbani: Bei ya Dukani na Bei ya Kila Mwezi

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini huku bado anahitaji oksijeni, ndugu zake hupewa siku mbili tatu za kufanya ununuzi ambao hawajawahi kuufanya maishani. Aliyetumwa Kariakoo kuulizia anarudi na namba moja tu, bei ya mashine. Namba hiyo inatupwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu wanachangishana, na mjadala unaishia hapo. Kumbe vifaa vya pumzi huanza kula pesa baada ya kufika nyumbani: umeme, kujaza mtungi, mipira, vichujio, fundi. Tena vingine havikuwa na haja ya kununuliwa kabisa, kwa sababu kifaa cha bei ya soda kingefanya kazi ileile.

Tuanze na oksimita, kile kibanio cha kidoleni, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama mengine yanahitajika. Oksijeni ni dawa. Haitolewi kwa sababu mtu anahema kwa shida, bali kwa sababu damu yake imepungukiwa. Ushahidi mkubwa wa matumizi ya muda mrefu nyumbani ulitoka kwenye majaribio mawili, la Marekani mwaka 1980 na la Uingereza mwaka 1981. Yalionyesha kuwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu ambao oksijeni ya damu yao iko chini sana huishi muda mrefu zaidi wakiitumia kwa saa 15 au zaidi kwa siku. Kwa kipimo cha kidoleni, mpaka unaotajwa kwa kawaida ni 88 kushuka chini, mgonjwa akiwa ametulia. Mzee anayetweta akipanda ngazi huku oksimita inasoma 95 hanufaiki na mashine. Huyo feni ndogo ya mkononi inayompulizia usoni humpunguzia ile hali ya kukosa pumzi, na kwa hilo kuna utafiti, si maneno ya mtaani. Kwa baadhi ya wenye mapafu sugu oksijeni ikizidi huwa na madhara, maana hewa chafu hulundikana kwenye damu. Ndiyo maana madaktari huwawekea lengo la 88 hadi 92, si 99.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo moja la ziada la kujua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwezi Desemba 2020 ulilinganisha kipimo cha kidoleni na kipimo cha damu ya ateri. Miongoni mwa waliosomwa 92 hadi 96 kidoleni, asilimia 11.7 ya wagonjwa Weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa Weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa huwa kinatupendelea, kinatupa namba nzuri kuliko hali ilivyo. Kwa hiyo kabla familia haijatumia mamilioni, au haijakataa kuyatumia, inafaa hospitali ipime damu ya ateri mara moja. Na bibi mwenye piko vidoleni apimwe kidole kisicho na rangi, au ndewe ya sikio kwa kifaa kinachofaa.

Tuseme basi daktari ameandika lita 2 kwa dakika, usiku na mchana. Hapo kuna njia mbili: mtungi, au mashine inayotengeneza oksijeni kutokana na hewa ya chumbani, ambayo wauzaji huiita konsentreta.

Hesabu ya mtungi ni rahisi na muuzaji hana haja ya kukufanyia. Chukua ujazo wa mtungi uliogongwa kwenye shingo yake, zidisha kwa namba inayosomeka kwenye geji kwa kipimo cha ba. Mtungi wa lita 40 uliojazwa hadi ba 150 una lita 6,000 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika, hizo ni saa 50, yaani siku mbili na saa mbili. Kwa mwezi mgonjwa huyo anahitaji lita 86,400, kwa hiyo mtungi utajazwa mara 14 au 15. Piga simu kwa anayejaza, uliza bei yake, zidisha kwa 14, kisha ongeza kirikuu, maana mtungi wa chuma wa ukubwa huo ukiwa mtupu tu una uzito wa kilo 50 hivi na bodaboda haubebi. Ongeza na amana ya mtungi na kodi ya regyuleta kama hukuinunua.

Mashine nayo hula umeme. Ile ya lita 5 kwa kawaida hutumia wati 300 hadi 350. Tuchukue 350: kwa siku ni uniti 8.4, kwa mwezi uniti 252. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua uniti kwa takriban shilingi 356 pamoja na kodi, hiyo ni karibu shilingi 90,000 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, anayepata uniti kwa shilingi 122, asifurahi mapema. Nafuu ile inaishia uniti 75, na mashine hii peke yake inazimaliza siku ya tisa. Baada ya hapo kila uniti hutozwa bei ya juu, na matumizi yakiendelea hivyo mteja huhamishwa kundi. Mashine ya lita 10, yenye wati kama 600, hupandisha bili hadi karibu shilingi 154,000.

Linganisha hiyo elfu 90 na bei ya kujaza mtungi mara 14 na utaona mwenyewe kwamba kwa mtu wa saa 24 mtungi haushindani, hata ukiongeza gharama ya kununua mashine. Lakini badilisha mgonjwa na jibu linabadilika. Anayetumia lita 1 usiku tu, kwa saa nane, anahitaji lita 480 kwa siku. Mtungi uleule unampeleka siku 12 na nusu, kwa hiyo kwa mwezi hata mitungi mitatu haifiki. Na aliyetoka kwenye nimonia akaambiwa atumie wiki mbili halafu arudi kupimwa, mashine ya kununua ni pesa ya kutupa. Huyo akodi. Nimeona majumbani mashine zilizokaa chini ya kitanda zimefunikwa kanga, mgonjwa alishapona zamani, na hakuna aliyefikiria kukodi kwa sababu hakuna aliyeuliza, "Atatumia mpaka lini?" Swali hilo ulizwe wodini, kabla ya kutoka.

Sasa umeme ukikatika. Watu wengi hukimbilia inveta na betri, na hapa naona pesa nyingi zikipotea. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12, Ah 200, ina nguvu ya wati-saa 2,400, lakini ukitaka idumu unatumia nusu tu. Kwa mashine ya wati 350 hiyo ni kama saa tatu. Mtungi mdogo wa lita 10 uliojazwa ba 150 una lita 1,500, na kwa lita 2 kwa dakika unampa mgonjwa saa 12 na nusu, bila waya, bila fundi, bila betri kuchoka baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwangu mpangilio wa busara kwa nyumba ya saa 24 ni mashine kwa kazi ya kila siku na mtungi mdogo uliosimamishwa na kufungwa mnyororo ukutani, uwe umejaa, geji yake ikisomwa kila Ijumaa. Na Luku isiachwe ishuke chini ya uniti 20. Katika nyumba yenye mashine ya oksijeni, kuishiwa uniti saa nane za usiku ni dharura kama dharura nyingine yoyote.

Kuna mtego dukani na mtandaoni unaonasa watu wengi kuliko wote. Ni zile mashine ndogo nyepesi, kioo cha rangi, rimoti, zimeandikwa "lita 1–7". Geuza nyuma usome maandishi madogo: usafi wa oksijeni asilimia 90 kwa lita 1, kisha 30 hivi kwa lita 7. Maana yake ni kwamba unapoongeza mtiririko mashine inachanganya hewa ya kawaida, ambayo tayari ina asilimia 21 ya oksijeni. Mgonjwa wa lita 5 anayepewa mashine hiyo anavuta upepo wenye jina la oksijeni. Mashine ya kweli hutoa asilimia 90 hadi 96 kwenye mtiririko wote ulioandikwa. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2015 vinataka isishuke chini ya 82 hata kwenye joto la nyuzi 40 na unyevunyevu mkubwa, na iwe na kengele inayolia usafi ukishuka. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, sharti hilo la joto na unyevu si la kwenye karatasi tu, kwa kuwa unyevu ndio unaoua punje za ndani zinazochuja naitrojeni. Mashine ya uzito wa kilo tano inayodai lita 5 mfululizo saa 24, itilie shaka. Mara nyingi hutoa oksijeni kwa kudonoa, pale tu mtu anapovuta pumzi. Hiyo inafaa safarini, lakini haimfai aliyelala anahema kwa mdomo.

Zawadi kutoka kwa ndugu wa nje nayo ina mambo yake. Mashine iliyonunuliwa Muscat au Dubai hufanya kazi Zanzibar bila shida, maana umeme ni wa volti zilezile na mzunguko wa 50. Ya Marekani ni ya volti 120 na mzunguko wa 60. Transfoma itabadili volti lakini haibadili mzunguko, kwa hiyo kompresa inazunguka polepole kuliko ilivyoundwa, inapata moto, oksijeni inapungua. Mshukuru ndugu, umwombe atume pesa. Na popote mashine itakakotoka, tenga fungu la stebilaiza nzuri, kwa sababu umeme unaoshuka na kurudi kwa kishindo huunguza bodi, na bodi ndiyo kipuri ghali.

Jiko la mkaa, jiko la gesi, udi na sigara vikae mbali, angalau mita tatu, na mgonjwa asipakwe mafuta mazito puani. Fundi asiguse koki ya mtungi akiwa na mikono ya grisi. Hilo halina mjadala wa bei.

Tuhamie kwa pumu, ambako pesa hupotea kwa mapenzi. Mzazi aliyeona mwanawe akinebulaiziwa hospitali na kupata nafuu anataka nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, iwepo nyumbani. Namwelewa kabisa. Lakini majaribio mengi yaliyolinganisha nebulaiza na inhela inayopulizwa kupitia spesa, lile kopo la plastiki, yameonyesha kwamba kwa shambulio lisilo la kutishia maisha spesa haishindwi, na kwa watoto hata mapigo ya moyo huenda mbio kidogo zaidi wakitumia nebulaiza. Inhela moja ya salbutamol ina pafu 200. Ukihesabu pafu nne hadi sita kwa dozi, hizo ni dozi kama 40. Upande wa pili weka vichupa 40 vya dawa ya nebulaiza, umeme, kikombe na barakoa za kubadilisha, na dakika 10 za kelele kila mara.

Spesa yenyewe ikikosekana au ikiwa ghali, hutengenezwa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wenye shambulio la pumu, na chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500 ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Chupa inaoshwa na kukaushwa. Waya mnene unakunjwa kufuata umbo la mdomo wa inhela, unapashwa moto, kisha unabanwa kwenye kitako cha chupa mpaka plastiki iyeyuke na tundu lipatikane la kiasi cha inhela kuingia kwa kubana. Mdomo wa inhela unasukumwa humo plastiki ikiwa bado ya moto, na palipo na mwanya panazibwa kwa gundi. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza pafu moja, anavuta na kutoa pumzi tano au sita akiwa humohumo, kisha pafu linalofuata. Chupa mpya ina chaji ya umeme inayonasa dawa ukutani. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, usiifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe. Mtoto wa chini ya miaka minne hivi anahitaji spesa yenye barakoa.

Na kama inhela ya bluu, ile ya salbutamol, inaisha kila mwezi, tatizo si kifaa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana kutegemea salbutamol peke yake. Fedha ya nebulaiza ingenunua inhela ya kuzuia, yenye steroidi, kwa miezi kadhaa.

Nebulaiza ina watu wake: aliyedhoofika asiyeweza kushirikiana, anayevuta maji ya chumvi makali ya kulainisha makohozi, anayepewa antibayotiki za kuvuta. Akinunua, achukue ya kompresa, ile yenye kelele. Ile ya mawimbi ya sauti haifai kwa budesonaidi, na ile ndogo ya wavu ni tulivu lakini matundu yake huziba usipoiosha kwa nidhamu. Ndani ya kikombe hakiingii kitu isipokuwa dawa na maji ya chumvi ya hospitali. Si maji ya bomba, wala mkaratusi.

Makohozi ndiyo sehemu inayosahaulika, na wenye shida hii kwetu ni wengi, hasa waliopona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu na mirija iliyopanuka. Nje kuna vesti za umeme zinazotikisa kifua, Marekani huuzwa zaidi ya dola 10,000. Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2013, kwa wagonjwa wa cystic fibrosis, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito, uliwalinganisha waliovaa vesti na waliotumia barakoa rahisi ya kupulizia dhidi ya ukinzani. Wa barakoa ndio waliougua mara chache zaidi. Huo ni ugonjwa tofauti na makovu ya TB, lakini unatosha kumzuia mtu asiuze kiwanja kwa ajili ya vesti.

Wataalamu wa fiziotherapia hufundisha kitu cha bei ya chini zaidi: chupa ya lita moja na nusu, maji, na mpira wenye tundu la sentimita moja hivi. Mpira unazamishwa ncha yake iwe sentimita 10 chini ya uso wa maji, mdomo wa chupa ukiachwa wazi. Mgonjwa anavuta kwa pua, anapuliza polepole maji yatoe mapovu, mara kumi hivi. Kisha anatoa pumzi kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo, makohozi yapande, ayateme. Kina cha maji ndicho kinachotoa ukinzani unaoshikilia mirija wazi. Maji hubadilishwa kila siku na hayanywewi. Anayekohoa damu, au aliyewahi kupata hewa nje ya pafu, amwone daktari kwanza. Vifaa vya dukani vya kupulizia vyenye kipira cha chuma au sumaku ndani hufanya jambo hilohilo na ni rahisi kubeba kazini. Kwa anayekaa nyumbani, sioni sababu ya kulipia tofauti.

Mashine ya kuvuta makohozi ni habari nyingine. Aliyewekewa tundu shingoni hawezi kukaa nyumbani bila mashine hiyo, na hapo usibane pesa. Iwe na betri ya ndani, na geji inayodhibitika kati ya 80 na 120 kwa kipimo cha milimita za zebaki, ukomo 150 kwa mtu mzima. Pembeni iwepo pampu ya mkono au ya mguu. Gharama halisi ni mirija: ukivuta mara sita kwa siku, kila mara mrija mpya, ni mirija 180 kwa mwezi. Ukubwa wake hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha ndani cha bomba lililo kwenye tundu kwa 3 na kugawa kwa 2: bomba la milimita 8, mrija namba 12. Kila mvuto usizidi sekunde 10 hadi 15. Kwa aliyepata kiharusi asiye na tundu, anayetokwa mate tu, muulize muuguzi kwanza kuhusu kumlaza ubavu na kumsafisha kinywa. Mara nyingi hilo linatosha, na mrija uliosukumwa kooni na mtu asiyefundishwa huumiza.

Ukiamua kununua, hakikisha kifaa kimesajiliwa, Tanzania na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Ya mtumba si dhambi. Konsentreta nyingi zina mita ya saa. Mwaka mmoja wa kazi bila kuzima ni saa 8,760, kwa hiyo mita ikisoma 17,000 mashine imeshafanya kazi karibu miaka miwili mfululizo, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Mwambie muuzaji aiwashe palepale nusu saa, kwenye mtiririko atakaotumia mgonjwa wako, kisha apime usafi wa oksijeni kwa kifaa chake mbele yako. Tumbukiza ncha za mpira wa puani kwenye glasi ya maji uone mapovu. Vuta kichujio cha nyuma uangalie vumbi. Uliza nani atafungua mashine ikilia kengele, yuko mji gani, na kama vichujio vipo dukani leo. Akikosa kifaa cha kupimia usafi, aazime kwa jirani. Asipotaka kuazima, maduka mengine ya vifaa tiba kwenye mtaa huohuo hayakosekani.